Kiti cha Mama Mezani

Jumatatu, Machi 3

Theluji tena. Gari la Mama limefukiwa tangu Januari. Bi Hudak wa jirani alizoa theluji akatoa lake, akampeleka Mama kliniki. Pale alipozoa akaacha kiti barabarani kumshikia nafasi, kama kawaida. Hapa Pittsburgh hakuna anayethubutu kuegesha kwenye kiti cha mtu.

Mama ametiwa ile dawa ya mshipani. Daktari anasema inapunguza sonona upesi, lakini haidumu. Ndiyo maana kuna mazoezi ya kompyuta wiki hii hii, akili ikiwa bado tayari kujifunza.

Amekula supu yote! Akauliza habari za shule. Nilitamani Baba asikie, lakini yuko mtoni na matishari ya makaa.

Jumanne, Machi 4

Mazoezi yenyewe: inatokea picha ya Mama, kisha neno — "mwema", "mpendwa" — kisha nyuso zinazotabasamu. Anabonyeza, inaendelea.

"Wananitangaza kama sabuni," kasema.

Utani! Wa Mama! Nilikwenda kuchekea chumbani, nisimshtue.

Jumatano, Machi 5

Jumatano ya Majivu, Kwaresima imeanza. Nimekwenda kanisani peke yangu. Niliporudi Mama alikuwa amegeukia ukuta, kompyuta haijafunguliwa.

"Picha ile inadanganya, Veronka."

Nikamwambia — Mama, dawa imeshazoa theluji. Mazoezi ndiyo kiti; usipokiweka, ataegesha mwingine.

Nikala mkate wangu nimesimama jikoni.

Baadaye, kupitia ukutani, nilisikia kitufe kikibonyezwa. Pole pole. Kisha basi.

Alhamisi, Machi 6

Niko ukumbi wa chini ya kanisa. Kina mama wanajaza viazi kwenye pierogi — kama sambusa za kuchemsha — za kesho, Ijumaa ya Kwaresima, na kufinya kingo. Zamani Mama alikaa pembeni mwa meza, karibu na jiko. Nimebeba kiti chetu cha jikoni toka nyumbani, nikakiweka palepale.

Mwanamke mmoja mgeni akataka kukikalia.

"We bibi, kwenu hakuanguki theluji?" Bi Hudak alifoka, unga mpaka viwikoni. "Kiti cha mtu hakiguswi!"

Wote walicheka. Hakuna aliyeuliza ni cha nani. Wanajua. Saa zinapita, kiti bado kitupu.

Naandika nikiwa stoo. Mama amepiga simu sasa hivi — anahema, nasikia upepo. Yuko nje!

"Veronka, kiti cha jikoni umekipeleka wapi? Nimelifukua gari, sina cha kuacha hapa."

Nimemwambia kiko huku, mezani, kando ya jiko.

Hajakata simu. Nasikia funguo, kisha gari likiwaka.