Mama na Hotuba ya Bi Haskell

Xiomara, usicheke kwanza. Nimetoka kwenye mlo wa wafadhili sasa hivi.

Bi Haskell, yule msimamizi wa programu yetu sisi tulio wa kwanza katika familia zetu kufika chuo, kanipa hotuba yangu keshaiandika yeye. Eti "mama yangu hajui kusoma."

Hajui kusoma! Mama anayenikagulia kila insha kabla hajaenda kazini kufungasha zabibu!

Nikamwambia, "Mama yuko meza ya tatu." Akanijibu, "Mpenzi, wafadhili wanapenda machozi."

Wanapenda machozi, shoga!

Nikapanda jukwaani, nikamwita Mama aisome hotuba mwenyewe. Akasoma vizuri mpaka pale pa "hajui kusoma." Akamtazama Haskell: "Bibi, na hapa nisome?"