Idi Tuliyofunga Duka

Idi, usiku

Leo acha nivimbe kichwa. Ingawa hofu nilikuwa nayo, siwezi kujidanganya. Duka la ng'ambo ya barabara halifungwi hata sikukuu, na tangu mwezi uandame jana mume wangu ananisumbua: "Mama Zuhura, tufungue japo hadi mchana. Wateja watahamia kule."

Nikafunga.

Asubuhi hodi. Mama Vero, anayetuletea mboga za kuuza dukani, katoka Mlali na tenga lake la kabichi. Mkristo wa watu, hakujua kama ndiyo Idi. Arudi nazo mlimani? Nikampokea, akashika kisu, tukakata kachumbari ya kulisha mtaa mzima.

Jioni mteja akagonga, anataka sukari. Nikamsikia mume wangu, huyohuyo, anamjibu kwa majivuno: "Sisi sikukuu hatuuzi, ndugu yangu. Ingia ule pilau."