Umemfuta Bibi Yetu

Kaka Leonidas,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Kasulo, na kifua cha mama kimepata nafuu? Mimi na watoto tu wazima. Hapa Morogoro unga ni wa foleni tangu vita, lakini hatulali njaa.

Daftari nimelipokea. Ameniletea binamu yetu Sospeter, yule askari, alipokuwa akirudi kambini kutoka likizo. Nimelingoja tangu nilipokuomba uandike habari za bibi kwa kinywa cha mama. Nikawaita watoto nikaanza kuwasomea. Ukurasa wa pili nikakomea hapo. Umeandika kwamba bibi alitoka ukoo wenye ng'ombe wengi, akaolewa kwa sherehe kubwa.

Bibi gani huyo, kaka? Bibi yetu aliletwa na mama yake kutoka ng'ambo ya mto Ruvubu mwaka wa njaa, akaachwa huku kwa kubadilishana na kikapu cha mtama ili wadogo zake wapone. Alitusimulia mwenyewe akipura maharage, mimi na wewe tumekaa, wala hakuinamisha uso.

Sospeter kanieleza yote, alikuwepo. Mama alipoanza kusema ya njaa ulimkatiza: "Hayo yaache, mama. Mimi ni katibu wa kijiji, watu watatucheka."

Mama akakuuliza, "Watamcheka nani? Mama yangu?"

Tangu siku hiyo, kila ukishika kalamu anajifanya amelala.

Tulipohamishiwa kijijini, makaburi yetu yalibaki porini. Hilo hatukuulizwa. Lakini hili hakuna aliyekulazimisha. Umelifanya kwa mkono wako, na mwandiko mzuri. Nimekasirika, sitakuficha.

Nililifunga daftari nikawaeleza watoto ilivyokuwa. Binti yangu Veneranda akauliza, "Mama yake alirudi kumchukua?" Ajuaye ni mama peke yake, nawe umemziba mdomo.

Basi nimeomba likizo kiwandani, nimepewa. Nakuja na Veneranda. Mama atasema, Veneranda ataandika, nami nitakaa hapo hapo.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, na shangazi yetu wa Nyakahura. Mama mwambie apumzishe sauti yake, tuna kazi. Na wewe, ukiona aibu kusikiliza, kachunge mbuzi mpaka tumalize.

Mdogo wako, ninayekuheshimu ila si kwa hili,
Anastazia