Shavu Lililobaki Hewani

Nantes, Ijumaa, 13 Septemba 2019

Dada Maryvonne,

Salamu. Sisi wazima, ingawa magoti yangu yananilaani. Natumaini nawe u mzima na ile nyonga haikusumbui. Nakujulia hali kwa sababu Mama alitufunza hivyo, usidhani hasira zimeniisha.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii naitumbukiza mwenyewe katika sanduku lako. Jana mimi na Nolwenn tumefika Nantes kwa baiskeli, tumeufuata mto Loire tangu Orléans. Ni safari ile ile tuliyokuwa tukiipanga mimi na wewe jikoni kwa Mama, ukiniambia ningoje kwanza miguu ifike kwenye pedali. Miguu imefika, Dada. Nimekwenda na mke wangu.

Mji wenu umechangamka kuliko nilivyouacha. Mtaa wa Bouffay meza za mikahawa zimemwagika hadi barabarani, kila kona na mpiga kodiani wake. Tumeufuata ule mstari wa kijani uliochorwa chini kuwaongoza wageni mpaka ukatuzungusha mji mzima. Kisiwani, katikati ya mto, tukamkuta yule ndovu wa mashine, wa mbao na chuma, anayetembea na watu mgongoni, akatumwagia maji ya mkonga, Nolwenn akacheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye mwanamke uliyemwita jiwe mbele ya jeneza la Mama.

Alikosa nini? Alikubusu mara moja akarudi nyuma, wewe ukabaki umeinua shavu la pili. Najua Nantes salamu ni mabusu manne ya shavuni. Kwao Brest ni moja! Moja kwa bibi harusi, moja kwa mfiwa, na hilo moja hulitoa kwa moyo wote. Wewe ukasema, watu wote wakisikia, "Corentin, umetuolea jiwe." Miaka minne bado linamchoma.

Kwako siji. Treni yetu ni Jumapili saa tano asubuhi. Ukitaka kumwomba radhi, stesheni unaijua.

Ni mimi mdogo wako,
Corentin


Nantes, Jumamosi, 14 Septemba 2019

Mdogo wangu Corentin,

Salamu nimezipokea. Nyonga inauma, ahsante kwa kuuliza. Barua hii nimeileta mwenyewe hapo mnapolala, kwa anwani uliyoiandika nyuma ya bahasha, nikichechemea, na mwenye nyumba ameniambia mmetoka tena kutembea. Tembeeni. Mji ni wenu.

Nilikuona! Alhamisi jioni ulipita mtaani kwangu mara mbili na hiyo kofia ya njano, na mara ya pili ukapunguza mwendo. Nilikuwa dirishani nachambua maharage, nusura nikumwagie beseni. Ndovu wa mbao umekwenda kumjulia hali, dada yako hapana. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe umekuja ili mwenyeji augue.

Kwao ni moja? Vizuri, leo nimejua. Sasa niambie mwenye kosa nani. Mimi nimebaki na shavu hewani mbele ya jirani yangu Bi Lechat na wanakwaya wote, na wewe, mtoto wa Nantes uliyeoa Brest, mtu pekee mle kanisani aliyeijua hesabu ya pande zote mbili, umesimama kando yetu unatazama viatu vyako. Ungesema, "Dada, kwao ni moja." Basi! Ningecheka hata siku ile. Badala yake ukamshika mkeo mkono mkaondoka, na neno lenyewe umekaa nalo mdomoni miaka minne kama pipi.

Jiwe nililisema, sikatai, na lilikuwa tusi baya. Lakini mimi nililitupa mara moja tu. Wewe ndiye uliyelifunga kamba ukaliburuta mpaka leo.

Na keki ya Nantes, ile ya lozi na ramu, mmeila wapi? Usiniambie mmenunua kwenye duka la watalii, ile kavu isiyo na ramu. Mama atafufuka.

Stesheni siji.

Dada yako,
Maryvonne


Nantes, Jumatatu, 16 Septemba 2019

Corentin,

Hamjambo huko? Mmefika salama? Baiskeli hazikugongwagongwa? Nyonga imevimba kwa ajili ya ngazi za stesheni, nami nimekasirika kuliko juzi.

Nilisema siji, nikaja. Nilikuja kwa ajili ya keki, kwa sababu siwezi kulala nikijua mtu wa ukoo wetu ameondoka Nantes na ile kavu tumboni. Nikamsukumia Nolwenn keki niliyoifunga kitambaani, nikamwambia, "Shika, wifi. Hii ndiyo keki. Na lile neno la jiwe nalimeza, nisamehe." Kisha nikambusu moja, la kwao, nikarudi nyuma.

Naye akabaki ameinua shavu la pili!

Foleni nzima ikaangua kicheko. Masikini, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Wifi, nimefanya mazoezi tangu Orléans," akasema. "Kila asubuhi kabla ya kupanda baiskeli. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nimeyafanyia kwenye mashavu ya mume wangu."

Nikamwambia, "Na mimi nimekupa la Brest, mwanamke wewe! Usiku kucha nimejionya: moja, Maryvonne, moja!"

Wewe ulijua. Orléans hadi Nantes unabusiwa mara nne kila asubuhi, barua unaniandikia, hilo huandiki! Umetuacha tugongane tena. Na wakati tunaanza upya, manne kamili, wewe ulikuwa umeinama unachezea mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na kasoro yoyote. Kipenga kikalia, ukapanda, mlango ukafungwa.

Mkeo amepata matano. Mimi kwa ndugu yangu sikupata hata moja.

Usinijibu mpaka uwe na la maana.

Dada yako,
Maryvonne


Brest, 9 Februari 2020

Dada Maryvonne,

Salamu nyingi, za Nolwenn zaidi. Sisi wazima. Mvua hainyeshi tu, inatupiga. Nyonga je?

Umeniambia nisijibu mpaka niwe na la maana, nimelitafuta tangu majira ya vuli na nilikuwa nimekasirika, kwa sababu uliyoyasema yote ni kweli na uliyasema kwa sauti yako ile.

La maana ni hili. Nilikuona unapanda ngazi za stesheni umeshika ukuta. Sikujua umezeeka hivyo. Nikaona nikikukaribia nitalia mbele ya watu wote, nikauinamia mnyororo. Sasa umejua, na ukinicheka sitakuandikia tena maishani.

Nakuja Pasaka. Peke yangu, kwa treni, magoti yamegoma. Mabusu yangu manne niwekee, usimgawie mtu.

Mdogo wako,
Corentin


Nantes, 2 Aprili 2020

Corentin,

Leo sikujulii hali. Hali yako nimeisikia kwa Nolwenn. Ananipigia kila jioni, na simu yake napokea. Amesema umelazwa kwa huu ugonjwa wa mlipuko, una mpira wa hewa puani, na hata yeye hawamruhusu kuingia. Barua hii nimemwomba muuguzi akusomee. Muuguzi, soma kwa sauti kubwa, huyu hasikii akiamua kutosikia.

Mji wako uliouzunguka umenyamaza. Bouffay viti viko juu ya meza. Ndovu amefungiwa bandani. Wametangaza watu wasibusiane, wakae mbalimbali, na Bi Lechat ananisalimia kwa kiwiko kutoka ng'ambo ya barabara. Miaka minne mizima mashavu yalikuwa huru na hatukuyatumia, mimi na wewe, vichwa vigumu viwili.

Nimekukasirikia, Corentin. Nimekukasirikia kuliko siku ya maziko ya Mama. Uliniahidi Pasaka. Usithubutu kunyamaza tena! Kwa mara ya kwanza sema neno kwa wakati wake, hata kwa kumtajia huyo muuguzi aniandikie.

Ramu ya keki ninayo. Lozi ninazo. Manne yako ninayo. Amka uje uyachukue.

Dada yako,
Maryvonne