Mashine Iliyo Chini ya Kitambaa Chako

Dada yangu mkubwa, mama wa watu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mikono miwili. Magoti je, bado yanalia ukipanda ngazi, au ile dawa ya kupaka imesaidia? Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Meno yamebaki machache lakini yote yanatafuna. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usiseme nimezeeka, ulikuwa hivihivi toka zamani. Shule mimi niliiona mgongo tu, na wewe ndiye shahidi.

Barua yako niliisoma kidole juu ya kila neno. Umeniita kichwa kigumu. Umeniita mzee asiye na haya, aliyemwaibisha mtoto wake mbele ya wageni. Ukaniamuru niende kwa binti yangu nikamwombe radhi. Dada, nakuheshimu, lakini kwa hilo hapana. Siombi radhi. Wewe umesikia habari ya upande mmoja, na upande wenyewe ni wa Bwana Tai.

Unakumbuka binti alipotuletea zile mashine, moja kwangu, moja kwako, ya tatu ikabaki ofisini kwao. Wewe ulidhani ni redio, ukauliza mbona haiimbi. Mimi nilielewa palepale. Kazi ya binti ni kutengeneza foleni ya ujumbe. Hospitali moja ikiomba damu kwa nyingine, ombi linaingia kwenye foleni na kungoja zamu yake, na hata kama upande wa pili mtandao umelala, ukiamka unalikuta. Kila ombi linanakiliwa kwenye mashine zote tatu, nyumba tatu mbalimbali, ili moja ikizimika mbili zisonge mbele. Moja ndiyo kiranja. Kiranja akianguka, waliobaki wanapiga kura na kumchagua mwingine. Ndivyo alivyonieleza, na mimi kitu kikiingia kichwani hakitoki mpaka nikifukuze.

Sasa kuna maneno wewe hukuyasikia. Siku anaisukuma ile mashine chini ya kitanda changu, aliniambia siku yoyote nitakayotaka mimi, bila kumwarifu, nichomoe waya. Alisema mfumo ambao haujawahi kuangushwa kwa ghafla si wa kuaminiwa na mgonjwa. Akaongeza kwamba hata akija yeye mwenyewe kuniomba nisichomoe, nisimsikilize. Nikamuuliza kwa nini hakuwapa kazi hiyo wenzake wa ofisini. Akacheka, akasema kule wote wanamwogopa bosi, anahitaji mtu mbishi, na mbishi kuliko baba yake hajazaliwa. Dada, nimesifiwa mengi katika maisha haya, lakini sifa hiyo nitazikwa nayo.

Bwana Tai ndiye huyo bosi. Tai haimtoki shingoni hata jua likiwaka. Yeye anapenda mbio tu: ujumbe maelfu kwa sekunde moja. Amebandika vipimo ukutani, mstari unapanda kama moshi, na kila anayepita lazima ausifie. Asubuhi ile daktari mkuu wa hospitali alipokuja kuuona mfumo, binti alinipigia simu. Akaniomba leo nisiguse kitu. Nyuma yake namsikia Bwana Tai akisema mzee aambiwe akatembee, anyooshe miguu. Nikajibu nimesikia. Kusikia si kukubali. Nikakata simu, nikainama, nikachomoa.

Foleni yote ikaanguka. Sifichi. Kiranja siku ile ilikuwa ya kwangu. Mashine mbili zilizobaki, yako na ya ofisini, zilikuwa zinangoja muda uleule kisha zinainuka pamoja, kila moja inajipigia kura yenyewe, hakuna mshindi, zinakaa, zinainuka tena pamoja. Kama mimi na wewe mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake pita. Na ujumbe ulioingia kwangu kabla haujanakiliwa kwenu ukapotea kabisa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Daktari alishukuru kwa chai akaondoka. Bwana Tai akamwambia binti kwamba ikianguka mara nyingine, akatafute kazi pengine. Na binti akaninunia. Toka siku hiyo simu zangu hapokei.

Lakini aliirekebisha! Wewe mwenyewe umeniandikia, katikati ya matusi. Kila mashine sasa inangoja muda wake tofauti, na hakuna ujumbe unaoambiwa umepokelewa mpaka mashine ya pili iwe nao. Umeandika pia kwamba wameijaribu, kwamba fundi wao alikuja kwangu akachomoa ya kwangu na mambo yakaenda, na kesho inapelekwa hospitali.

Ya kwangu! Saa waliyoipanga, mashine waliyoipanga, kila mtu kakaa macho. Mwizi akituma salamu kwanza, si atakuta milango imefungwa? Tena ya kwangu ikichomolewa kura hazipigwi, kwa kuwa kiranja siku hizi ni ya kwako, ambayo hakuna mwenye ubavu wa kuigusa, maana umeitandikia kitambaa cha kufuma na paka wako kaigeuza kitanda.

Basi nikwambie ukweli, dada. Barua hii haikupita posta. Naiandika mezani kwako. Wewe umeenda kumwona mjukuu, na ufunguo bado unauficha chini ya ndoo. Paka nimemshusha kwa heshima zote. Kwenye simu yangu binti aliniwekea ujumbe wa majaribio: kila mmoja ukipita kwenye foleni, simu inalia na namba yake inaonekana. Siku ile ya aibu, namba ziliruka. Zikiruka leo binti hana kazi, na mimi sina binti. Hilo nalijua, sihitaji kuandikiwa. Zikiruka kesho, kuna mtu kalala kitandani anangoja damu. Aliniambia nisimsikilize. Simsikilizi.

Nachomoa.

Simu imenyamaza. Paka ananitazama. Sakafu yako ni baridi.

Imelia. Mia sita na nane. Ya mwisho ilikuwa mia sita na saba, niliiandika kiganjani. Imelia tena, mia sita na tisa. Hakuna iliyoruka, dada. Hata moja!

Waya nimeuacha sakafuni, usiurudishe mpaka binti aseme. Wasalimie waliokuzunguka, mbusu mjukuu wetu kwa niaba yangu, na Mungu akupe magoti mapya. Sukari yako imepungua kidogo, nilijipikia chai.

Simu inalia mlio mwingine sasa. Ni jina la binti. Kanuna wiki zote hizi, leo kakumbuka namba ya baba yake. Kama ni kilio au kicheko, nitajua nikipokea. Lakini kwanza namaliza kutia sahihi. Naye angoje zamu yake.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi