Kitenge cha Njano Kisicho na Tundu

Kakuma, Jumatano asubuhi

Mama Akai,

Ejok, nakusalimu kwa lugha yenu. Najua ungeanza kwa kunigombeza kwamba nimechelewa, kwa hiyo acha nijitetee mapema. Siku uliyozikwa kwenu Lodwar nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya pasi, nimevaa lile gauni jeusi ulilonishonea, nangoja karatasi ya kuniruhusu kutoka kambini. Ilipofika saa nane mchana wakaniambia nirudi kesho. Nilirudi kesho yake, na siku iliyofuata, na wewe ulikuwa umeshalala chini ya mawe. Sasa pasi imetoka. Keshokutwa Ijumaa nakuja, na barua hii nakuja nayo mkononi, maana nikifika mbele yako nitalia tu na hutasikia lolote la maana.

Nakuja pia nikiwa nimekukasirikia kidogo. Nitakueleza kwa nini, usinikatize.

Habari za kituo chetu cha wanawake si nzuri sana. Tunafungua siku tatu kwa wiki, na kwenye chumba cha ushauri amebaki mshauri mmoja. Mgao wa chakula umepunguzwa tena. Ulikuwa ukisema mgao ukishuka, ugomvi wa majumbani unapanda, na kweli umepanda. Wanawake wanavuka mto mkavu wa laga kwenda mbali zaidi kutafuta kuni. Wengine wanarudi wamenyamaza, na hakuna anayewauliza.

Kibanda chetu cha kushonea kiko pale pale ubavuni mwa kituo, kinatazama bomba la maji. Cherehani yako naitumia mimi. Kanyagio bado linalia, na mafuta ninayo, ila sijalipaka. Nakiru bado anauza kuni na makaa mbele ya mlango, amekalia jiwe lake kama zamani. Saa nne nampikia chai kwa kipimo chako, sukari mpaka kijiko kinasita. Sukari hiyo ndiyo iliyokumaliza, Mungu anisamehe, na mkono wangu bado haujui kuipunguza.

Unakumbuka nilivyofika kwako? Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka Kivu na shangazi yangu, najiita fundi kwa sababu nilijua kushona kifungo. Ukanipa pindo la sketi. Nikashona, ukalitazama, ukasema, "Fungua. Shona tena." Mara tatu! Nilikuchukia wiki nzima. Lakini jicho langu lilinoleka, Mama, na nikaanza kujivuna nalo. Hakuna tundu lililonipita, hata la ncha ya sindano.

Ndiyo maana nilikucheka. Kuna akina mama walikuletea nguo ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Wewe ulizipokea kwa mikono miwili, ukawakalisha ndani, ukavuta pazia, kisha ukanituma maji hata kama mtungi ulikuwa umejaa. Nikirudi nakukuta unashona pindo juu ya pindo zima, na mama wa watu amekaa kando yako. Akishatoka nilikuwa nakuuliza, "Mama, sasa ulikuwa unashona nini? Haina hata kashimo!" Ukanijibu, "Wewe chota maji, Riziki." Nilimwambia Nakiru kwamba macho yako yameanza kukuacha. Nilicheka peke yangu, na hata hilo sikuliona.

Kazi ya kituo niliijua. Nilijua kwamba mwanamke aliyeingiliwa kwa nguvu anatakiwa afike hospitali kabla siku tatu hazijaisha, ili dawa zimkinge. Nilihudhuria semina nikapewa na cheti, kimebandikwa ukutani. Nilijua pia kwamba ule mlango mkubwa wenye bango unatazamwa na foleni yote ya bomba, na anayeingia pale mchana, jioni mtaa mzima umeshapata la kusema. Kwamba kulikuwa na mlango mwingine, na ufunguo wake ni nguo nzima, hilo hukuniambia.

Au uliniambia, siku ile uliponipigia simu kutoka hospitali ya Lodwar. Sauti yako ilikuwa imekwisha. Ukasema, "Riziki, nguo ikikuja, wewe usiangalie nguo. Angalia mama." Nikadhani ni homa. Nikakwambia sawa, pumzika, halafu nikakuuliza ule mkasi mkubwa umeuweka wapi. Simu ikakatika, na asubuhi yake hospitali wakatupigia kwamba umeondoka.

Sasa nisikilize.

Ilikuwa Jumatatu, wiki chache baada ya wewe kuondoka. Nguo za shule zilikuwa zimejaa mezani na watu wawili wanasubiri. Akaingia mama mmoja wa upande wa kwetu. Jina lake sitaliandika. Alikuwa na kitenge cha njano, akasema, "Dada, naomba unitengenezeye hii." Nikakigeuza ndani nje, nikakiinua kwenye mwanga, nikapitisha kidole kwenye pindo zote nne. Nikamwambia kwa maringo, "Mama, hii haina kitu. Nguo nzima kabisa. Utarudi siku ikichanika." Wale wawili wakacheka. Yeye akakikunja kitenge mara mbili, akakilaza juu ya mkono, akasema asante na kutoka. Nikaendelea na kola za mashati.

Kesho yake wakati wa chai Nakiru akaniambia bila kunitazama, "Ule mama wa jana alileta nguo mzima. Akai angeketisha yeye." Nikamuuliza ana maana gani. Akageuka akanikazia macho. "Wewe umekaa hapa miaka sita, na hujui?"

Mama, nguo zote zile zilinirudia kwa mpigo, mapazia, mitungi ya maji iliyojaa, na wewe unashona pole pole bila kuinua kichwa. Nilimuuliza Nakiru yeye alijuaje. Akapangusa vumbi la makaa kwenye viganja. Sikumuuliza tena.

Hapo ndipo nilipokukasirikia. Ungeniambia! Nilipokuja nilikuwa msichana mwenye mdomo mrefu, nakubali, na siri ile haikuwa yako ya kugawa. Lakini nilikua, Mama. Nilikua mbele ya macho yako, na wewe uliendelea kunituma maji.

Sikuwa na muda wa kukasirika sana. Sikujua siku tatu za yule mama zilianza lini, kama ni Jumapili au kabla. Sikujua jina lake wala anapokaa. Kupita nyumba kwa nyumba nikiuliza mama mwenye kitenge cha njano ni sawa na kumbandika bango mgongoni, na hata mumewe angesikia. Nilizunguka kibandani kama kuku aliyefungwa mguu. Kisha bomba likafunguliwa kwa zamu ya mchana, na upande wetu wote ukatoka na mitungi.

Nikapanda juu ya jiwe la Nakiru, nikapaza sauti. Nilisema, "Jamani, mimi Riziki fundi nimekosea! Jana nililetewa kitenge cha njano nikasema hakina tundu. Kina tundu. Mimi ndiye sikuliona. Mwenyewe akirudishe leo, nitakishona hata kama nimefunga kibanda."

Walicheka foleni nzima. Mmoja akapiga kelele, "Fundi gani haoni tundu? Macho alizikwa nayo Akai?" Hilo lilinichoma mpaka ndani, na niliwaacha wacheke. Mama mmoja alikuja papo hapo akachukua vitambaa vyake vya pazia, akasema atatafuta fundi anayeona. Ungeniona, mimi niliyekuwa nanuna siku mbili ukiniambia pindo limepinda.

Nikarudi ndani nikangoja. Jua lilianza kulala na hakuna aliyekuja. Nilimwomba Mungu, nikakuomba na wewe. Kisha akatokea kwa upande wa nyuma, mtungi kichwani, kitenge amejifunga kiunoni. Sikukitazama. Nilivuta pazia, na Nakiru bila kuambiwa akasogeza mzigo wake wa kuni mlangoni akaukalia.

Nikamwambia, "Kaa, mama. Jana nilikosea."

Akasema, "Nilijua umekosea. Ndiyo maana nimerudi."

Aliyoniambia si yangu kuyaandika, hata kwako. Nilichukua kitenge nikakishona pindo juu ya pindo zima wakati anaongea, pole pole, bila kuinua kichwa. Mtu anaweza kusema mengi mbele ya mtu anayetazama sindano. Mshono ulipinda, na wewe ungesema niufungue.

Kisha tulipita mlango wa ndani unaotoka kibandani kuingia kituoni, mpaka kwa mshauri, na kutoka huko hospitali. Muuguzi alikuwa mwanamke, alihesabu naye siku kwenye vidole. Ilikuwa siku ya tatu, na saa bado zilikuwepo. Alipewa dawa akazimeza mbele yangu kwa maji ya ule ule mtungi. Alipoulizwa kuhusu polisi, akasema bado. Nilifungua mdomo kumsukuma. Nikakukumbuka, nikaufunga. Bado hajaenda. Siku akitaka, nitavaa viatu nimsindikize.

Wiki iliyopita alikuja tena, Mama. Safari hii alipita mbele, foleni yote ya bomba inamtazama, akakitupa kile kitenge juu ya meza. Akasema, "Leo iko tundu ya kweli, dada. Ni mwiba wa mathenge." Na kweli lilikuwa tundu, refu kama kidole. Lakini nilimtazama yeye kwanza, nikamtazama vizuri, mpaka akaanza kucheka. Nami nikacheka. Nilikuwa sijacheka kibandani tangu uondoke.

Sasa nakuaga, maana leo nafungua kibanda na Nakiru ameshafika, nasikia anakohoa nje. Ameniagiza tumbaku nikuwekee juu ya mawe, na amesema nisikuwekee kidogo, utalalamika. Nitaweka ya kutosha. Na nakuahidi jambo moja. Atakayekalia kiti hiki baada yangu nitamfundisha mshono kwanza, na nikishaujua mdomo wake nitamkalisha ndani ya pazia, nimwambie kuhusu nguo nzima, uso kwa uso, nikiwa mzima wa afya. Sitangoja hospitali. Hasira yangu imeishia hapo, nimeiandika ili nisije nayo Lodwar.

Mkasi mkubwa nimeuona. Ulikuwa chini ya mto wa kiti chako, nimeukalia wiki zote hizi. Ningekuuliza jambo jingine siku ile, Mama. Nilikuwa na nafasi ya swali moja, na nikauliza mkasi.

Lala pema. Ijumaa nitakuwa kwako.

Mwanao wa cherehani,
Riziki