Kivimbe Chini ya Kamba

Kalengera, 3/10/2022

Mwanangu Charline,

Habari za Goma, na kazi ya uuguzi? Huku tuko. Bibi yako anakula vizuri na anagombana vizuri. Mimi ndiye niko na shida. Kwenye paji la uso, pale kamba ya kubebea mizigo mgongoni inapokaa, kumeota kivimbe kama punje ya haragi, sasa miezi mitatu. Nikifikiria kanseri, usingizi unakimbia. Jirani Nyirarukundo anataka kukipasua kwa wembe. Niambie kweli, ninakufa?

Mama yako, Kahindo

Kyeshero, Goma, 9/10/2022

Jambo sana Mama,

Mimi muzima, ila umenitia wasiwasi. Kisukume kwa kidole. Kikitembea chini ya ngozi, hakiumi, kina kitundu cheusi katikati, basi ni kifuko cha uchafu wa ngozi tu. Hakiui mutu. Lakini wembe hapana! Mukikikamua, kifuko kinabaki na kujaa tena. Daktari wetu atakitoa chote, kwa sindano ya ganzi. Kikiwa chekundu, chenye joto, kikiuma, usikae nyumbani hata siku moja. Na kamba usiiweke tena kwenye paji, ninakukataza. Njoo na gari la Jumatatu.

Binti yako, Charline

Kalengera, 19/10/2022

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kinatembea, na kitundu kipo! Nilicheka peke yangu jikoni. Ila nikuambie: kabla barua yako haijafika, Nyirarukundo alikikamua. Kulitoka uji mweupe wenye kunuka, nikajidai nimepona. Kimerudi. Jumatatu sikuja. Bunduki zinalia mlimani, bibi hawezi kutembea, nitamwachia nani?

Mama

Kyeshero, 30/10/2022

Mama,

Sijui hata nikuulize hali vipi. Dereva Grégoire, anayetubebea barua, amekuja kuniambia barabara imefungwa kwa vita, barua hii hana pa kuipeleka. Ninaandika tu. Kila mama anayeingia senta yetu ya afya ninamtazama paji kwanza. Ninaogopa, Mama.

Charline

Kanyaruchinya, kambi ya wakimbizi karibu na Goma, 4/11/2022

Mwanangu,

Tumekimbia vita, tumefika. Bibi anakusalimu, anasema chai ya hapa ni maji. Nilimbeba siku mbili mgongoni. Mabega yalichoka mapema, nikaweka kamba kwenye paji. Usinigombeze.

Kivimbe ni chekundu, kina joto, kinauma mpaka jichoni. Uliandika nisikae nyumbani hata siku moja. Sikai nyumbani, mwanangu. Tuko nyuma ya shule, chini ya hema la bluu. Njoo.

Mama yako